Tabaga ya Mama Amina Yaenda Kampala

Niliondoka Koboko kwa sababu ya mkono mmoja. Wengine husafiri kutafuta biashara, wengine kutazama dunia; mimi nilifunga safari hadi Kampala kwa ajili ya mkono wa kulia wa mke wangu, Zaituni. Mtaani kwetu hakuna anayemwita jina hilo. Ni Mama Amina, nami ni Baba Amina, muuza vipuri vya baiskeli, mtu wa maneno mengi na subira kidogo. Nawasimulia nyinyi mlio upande wetu wa Nile kwa sababu najua katika nyumba zenu yumo mtu aliyelazwa kwenye mkeka, mkono umelala juu ya tumbo, na mmeambiwa kwamba hakuna la kufanya. Liko la kufanya, nitawaeleza.

Binti yetu wa pekee, Amina, alikuwa ameposwa. Katika ukoo wa mke wangu, ambao ni Wanubi kama mimi lakini wenye masharti zaidi, chakula cha harusi hakiwekwi mbele ya wakwe mpaka kifunikwe kwa tabaga aliyoisuka mama wa bibi harusi kwa mkono wake mwenyewe. Tabaga ni kifuniko cha duara cha kufunikia sinia, kile ambacho watu wa pwani hukiita kawa, na husukwa kwa nyasi zilizozungushiwa nyuzi za rangi, mzunguko juu ya mzunguko, kutoka katikati kwenda nje. Mama Amina aliijua kazi hiyo tangu ukimbizini Kongo. Tuliporudi baada ya vita, nyumba yetu haikuwa na mlango, lakini ilikuwa na tabaga ukutani. Ya Amina aliianza siku ile ile posa ilipokubaliwa, na ilikuwa imefika nusu.

Asubuhi moja alikuwa amekaa kizingitini akisuka. Sindano ikamponyoka. Akaiokota, ikaanguka tena. Akaniita, na maneno yakatoka mazito, kama mtu mwenye tonge kinywani. Nilipomtazama usoni niliona mdomo umekwenda upande mmoja, na mkono wa kulia umelala mapajani na kiganja juu, hautaki kunyanyuka.

Majirani walijaa uani kabla sijapata akili. Mmoja alisema ni upepo mbaya, mwingine akasema kuna mtu ameionea wivu harusi, wa tatu alikwisha kuleta mafuta ya kuchua. Niliwafokea wote. Shemeji yangu Rajabu, kaka yake Mama Amina, ana pikapu ya kubebea maembe, tukampakia humo tukaenda hospitali ya karibu.

Tabibu wa zamu alikuwa kijana mpole, macho mekundu kwa kazi. Alimpima presha, akashtuka, akampa dawa ya kuishusha taratibu. Akamjaribu kwa kijiko kimoja cha maji, Mama Amina akapaliwa na kukohoa.

"Hiki ni kiharusi, mzee," akaniambia. "Kinywani asipewe kitu kabisa, chakula wala maji, mpaka wamjaribu tena huko mbele. Yatakwenda mapafuni. Nitamwekea dripu."

"Huko mbele ni wapi?"

"Kampala. Kichwani ama mshipa umeziba, ama umepasuka. Dawa ya kuzibua inaweza kumuua aliyepasukiwa. Bila picha ya kichwa nitakuwa nabahatisha, na mimi sibahatishi na mama wa watu. Mashine ya picha iko Kampala. Baadaye atahitaji mtu wa mazoezi ya viungo. Naye yuko Kampala."

"Na hapa kuna nini?"

"Hapa niko mimi," akasema. Hakusema kwa kiburi wala kwa kulalamika.

Nilimfikiria jirani yetu Mzee Luka, msokota kamba, aliyepata ugonjwa huu huu na hakuwa na shemeji mwenye pikapu. Tangu hapo alikuwa akikaa kibarazani mwake kutwa, mkono juu ya paja, akiwaangalia watu wakipita. Nikasema moyoni, mke wangu hatakaa kwenye kibaraza hicho. Niliogopa sana, nakiri, na kwa sababu niliogopa nikawa mkali kwa kila mtu.

Alfajiri tukaondoka, tukianzia nyumbani kuchukua mizigo. Tulitandika godoro nyuma ya pikapu chini ya turubai, tukaning'iniza dripu kwenye chuma cha turubai, nami nikakaa kando yake. Tulipokuwa tumeshawasha gari, Mama Amina alianza kugomba kwa ulimi wake mzito, akinyoosha mkono wa kushoto kuelekea mlango wa nyumba. Nilidhani anamtaka Amina. Kumbe anataka tabaga.

"Mama Amina, unakwenda hospitali, siyo sokoni."

"Lete," akasema, na hilo lilisikika vizuri kabisa.

Dada zake walikuwa wameshapanga kwamba mama mdogo wa Amina ataimalizia. Wakaileta kwa shingo upande, imefungwa kwenye khanga, sindano bado imechomekwa pale ilipoishia. Akaiweka kifuani, akaikumbatia kwa mkono mzima, tukaenda.

Kutoka Koboko hadi Arua siku zile barabara ilikuwa vumbi na mashimo, na kila shimo nililisikia kwenye mifupa ya mke wangu. Rajabu aliendesha kama amebeba mayai. Kutoka Arua tukaingia lami, pikapu ikaacha kulia, Mama Amina akasinzia. Hapo ndipo nilipoanza kuona jinsi nchi ilivyo ndefu kwa mgonjwa. Nebbi tukaipita, na bado. Nilikuwa nimesafiri njia ile mara nyingi kununua vipuri Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, nikila mahindi ya kuchoma na kutaniana na abiria, wala sikuwahi kuiona ni ndefu.

Pakwach, kwenye daraja la Nile, askari akatusimamisha. Alikuwa mtu mnene mwenye sura ya huruma.

"Mnaenda wapi, mzee?"

"Kampala, afande. Nina mgonjwa."

Akachungulia chini ya turubai. "Pole, mama. Huyu midomo imekauka. Ngoja." Akaenda kwenye kibanda chake, akarudi na chupa ya maji.

"Asante, afande, lakini haruhusiwi kunywa."

"Haruhusiwi na nani? Maji ya jeshi iko mubaya?"

"Ni amri ya daktari."

"Mimi nampa mama maji, wewe nasema amri." Alikuwa ameudhika kweli, na kwa haki yake, maana kwetu mtu hamnyimi mgonjwa maji. Rajabu akashuka, akamweleza habari ya kijiko na kikohozi. Askari akasikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akayamwaga yale maji kwenye kitambaa na kunipa nimpanguse midomo. Halafu akatufungulia njia mbele ya malori yote.

Ikawa hivyo kila tuliposimama. Muuza samaki alitaka kumpa mchuzi, mama mmoja wa chai alikuja na kikombe cha maziwa, mwenye kituo cha mafuta akaleta soda baridi na kuifungua kabisa. Watu wema mno katika nchi hii, na siku ile nilipigana na wema wao kutoka mwanzo wa lami hadi mwisho. Sauti ilinikauka.

Adhuhuri tulifika Karuma, pale mto unapovuma kati ya miti na nyani hukaa barabarani kama wenye mali. Rajabu alisimamisha gari abadilishe dripu kama alivyofundishwa. Aliweka kichane chake cha ndizi juu ya boneti. Nyani mmoja mkubwa akapanda, akakitazama kichane, akamtazama Rajabu, akakichukua na kuondoka bila haraka. Rajabu alimkimbiza hatua chache, nyani akageuka, Rajabu akarudi mbio kuliko alivyokwenda. Nikasikia sauti chini ya turubai. Mama Amina alikuwa anacheka. Nusu ya uso ilikuwa inacheka na nusu imetulia, lakini kicheko kilikuwa chake kile kile, na mimi nikageuka upande wa mto nikafuta macho.

Jioni tukapita Luweero na mananasi yake, kisha Bombo, ambako ndugu zetu Wanubi wamejaa, na sikukubali hata kupunguza mwendo, maana pale tungesimama tungelishwa mpaka asubuhi. Kawempe, tukiingia Kampala, magari yalishikana. Bwaise tulikwama kabisa. Hapo nikaanza kupiga kelele peke yangu, nikiwaamuru watu waondoke njiani, na vijana wa bodaboda, ambao kwa kawaida mimi huwagombeza, wakatanguliza pikipiki zao mbili mbele yetu wakipiga honi na kusukuma magari kando kwa mikono. Walitufikisha mlangoni mwa hospitali, wakasema "Pole, ssebo," yaani bwana kwa Kiganda, wakaondoka bila kungoja hata shukrani.

Kesho yake asubuhi picha ikapigwa. Daktari, mwanamume mwembamba mwenye kuongea polepole, akanionyesha kwenye kioo: kichwa cha mke wangu, cheupe na cheusi, na upande wa kushoto kivuli.

"Hapa damu ilikwama, mzee. Haikupasuka. Hii ni habari nzuri. Tutampa dawa ya kuzuia nyingine."

"Na ile iliyokwama? Haina dawa ya kuitoa?"

Akanigeukia. "Iko dawa ya kuyeyusha. Hata hapa Kampala ni ya wachache. Lakini inataka ndani ya masaa ya kwanza tu. Masaa yenu nyinyi yamebaki kwenye barabara."

Nilikasirika. Si kwake, yeye alikuwa ananiambia ukweli. Nilikasirikia ule urefu wote, Koboko mpaka hapo, na wazo kwamba mwanamke anayeponyokwa na sindano pale Wandegeya, mtaa wa jirani na hospitali, anavuka barabara tu, na yule wa kwetu anavuka nchi. Mwili mmoja, ugonjwa mmoja, na kinachowatofautisha ni mahali walipoamkia. Nilimwambia daktari hivyo kwa sauti iliyowafanya wauguzi wageuke. Hakukasirika. Akasema, "Ni kweli, mzee. Sasa tufanye kile kimebaki. Na kimebaki kingi."

Muuguzi akamjaribu tena kwa kijiko. Safari hii maji yalishuka vizuri. Uji wa kwanza alioumeza, niliutazama ukienda chini kama mtu anayetazama mwanawe akivuka barabara.

Alipotoka wodini tukakaribishwa Kisenyi, chini ya soko la Owino, kwa Hajati Mariamu, shangazi yake Mama Amina. Hajati anauza mikeka na nyuzi za kusukia pale Owino, ni mjane mwenye sauti ya kufikia mtaa wa pili, na nyumba yake hailali njaa. Mgonjwa kwake ni mfalme. Yeye na majirani zake walimvika, walimsuka nywele, walimpangusa, walimgeuza ubavu. Nami nilishika kijiko. Kila tonge lililokwenda kinywani kwa mke wangu lilipitia mkononi mwangu, na nilijiona mume mwema kuliko wote Kampala.

Kila siku tulimpeleka kwenye chumba cha mazoezi. Mtaalamu wake aliitwa Nakato, mwanamke mfupi wa Kiganda, mikono yenye nguvu, Kiswahili chake cha Kampala. Siku ya kwanza alinitazama nikimvua Mama Amina viatu, nikimkalisha, nikimwekea mkono mezani.

"Ssebo, wewe ndiyo mukono yake?"

"Ninamsaidia."

"Unamusaidia kukaa hivi hivi mpaka afe. Hii mukono haikufa, iko narara tu. Kila siku unaiimbia irare. Kale, haya, toka inje."

Sijawahi kufukuzwa chumbani na mwanamke aliye mdogo kuliko binti yangu. Nilitoka, nikasimama dirishani nikichungulia, akaja akafunga pazia.

Lakini ndani mambo hayakwenda; Hajati, aliyeruhusiwa kuingia naye, ndiye aliyenisimulia. Nakato alimpa vikombe vya plastiki avipange, mpira aufinye, vizibo avihamishe kutoka bakuli hili kwenda lile. Mama Amina alivitazama vile vitu kwa dharau kubwa.

"Nina binti wa kuoza," akamwambia kwa maneno yaliyokuwa yameanza kunyooka. "Mimi nichezee vizibo?"

Siku zikapita, mkono ukabaki pale pale. Mguu ulikuwa unarudi, alikuwa ameanza kusimama kwa fimbo, lakini vidole vilikaa vimejikunja. Nikaanza kuota kibaraza cha Mzee Luka. Ndipo siku moja Nakato alikusanya vikombe vyake vyote, akavitia kwenye ndoo, akaketi mbele ya mke wangu, magoti kwa magoti.

"Nnyabo, mama, niambie. Huko kwenu, hii mukono ilikuwa nafanya kazi gani?"

Mama Amina akamwelekeza Hajati kwa kidevu afungue ile khanga ya tabaga, ambayo hakuwa akiiacha nyumbani. Nakato akaishika tabaga, akaizungusha, nyekundu, zambarau, njano, mzunguko mwembamba unaofuatana na mwenzake mpaka pale ilipoishia sindano.

"Bambi," akasema polepole, neno la Waganda la kuonea huruma. "Na wewe mulikuwa munanificha hii? Kuanzia leo ndiyo dawa yako. Na mutu mwingine asiguse. Hajati, unasikia? Asiguse."

"Nasikia, mwanangu," akasema Hajati.

Alisikia, lakini mtu aliyelelewa kama Hajati hawezi kukaa akitazama mgonjwa akihangaika. Mama Amina alikaa na ile tabaga uani asubuhi nzima. Mkono wa kushoto ulishika duara, wa kulia ukajaribu sindano, sindano ikaanguka. Akaiokota kwa kushoto, akaipachika kwenye vidole vya kulia, ikaanguka. Jasho lilimtoka. Majirani walikuwa wanalia. Mimi nilikaa juu ya mikono yangu mwenyewe, nawaambia kweli, nilikalia viganja vyangu ili visiende. Baada ya swala ya adhuhuri alichoka, akalala.

Alipoamka alasiri, wanawake walikuwa wamemzunguka wakitabasamu. Hajati akampa tabaga kwa mikono miwili. Ilikuwa imeongezeka. Walikuwa wameisuka wao wanne kwa zamu, mizunguko mizuri, iliyonyooka, rangi zimepangwa kwa ustadi mkubwa. Kwa mwendo ule wangeimaliza kabla ya Ijumaa.

"Wewe pumzika tu, mwanangu," akasema Hajati. "Harusi ni yetu sote. Nani atajua?"

Mama Amina aliitazama. Nilimwona uso ukibadilika, na nimekaa na mwanamke huyu tangu Kongo, najua uso ule. Akaibana tabaga kati ya magoti, akaikandamiza kwa kiwiko cha kushoto, akatafuta ncha ya uzi pale kazi yao ilipoishia, na kuanza kuifumua. Mkono wa kushoto ulivuta, uzi ukakwama. Akavuta tena kwa hasira, ukakwama zaidi. Na hapo mkono wa kulia ukaja. Ulitoka mapajani wenyewe, ukapanda, kidole gumba na cha shahada vikakutana juu ya ule uzi, vikaubana, vikavuta. Uzi ukatoka. Vikarudi, vikabana, vikavuta tena.

Wanawake wakasogea karibu. Mama Amina mwenyewe nadhani hakuwa ameona bado, alikuwa amekasirika mno. Aliendelea kuifumua kazi ya wanawake wanne, uzi baada ya uzi, kwa vidole ambavyo asubuhi havikuweza kushika sindano. Hajati alipiga kigelegele kilichosikika Owino yote, na yule aliyekuwa ameharibiwa kazi yake alikuwa wa kwanza kushangilia. Mama Amina akainua macho, akatazama vidole vyake, akanitazama mimi.

"Baba Amina," akasema, "unalia nini?"

Kesho yake tulimweleza Nakato. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Hajati, webale, asante! Hii nusu ya kazi ni yako. Lakini usirudie." Akamwonyesha Mama Amina jinsi ya kuinenepesha sindano kwa kuizungushia kitambaa ili vidole viishike, na wapi pa kutulia, na wakati wa kuacha. Mzunguko wa kwanza alioumaliza mwenyewe ulikuwa umepinda, umetoka nje na kurudi ndani. Uliofuata ulipinda kidogo. Ule uliofuata huo ulikuwa umekaribia kunyooka. Mimi nami nilirudishwa chumbani, nikafundishwa kunyoosha bega, kufungua kiganja, kumpandisha ngazi. Hasa nilifundishwa kungoja. Kumtazama mtu unayempenda akifunga kifungo kimoja kwa muda wa kuchemsha chai, na usinyanyuke, ni kazi ngumu kuliko kunyoosha rimu.

Siku ya ushindi mkubwa ilikuwa Owino. Nyuzi za zambarau ziliisha, na Mama Amina akakataa kuletewa. Alitembea mwenyewe kwa fimbo kati ya vibanda, wachukuzi wakipita na marobota vichwani wakipiga kelele za kuomba njia, na yeye hakumpisha mtu. Alichagua nyuzi kwa mkono wa kulia, moja moja, akizisugua kuona kama zinachuja. Halafu akaanza kupatana bei. Mwuzaji alidhani huyu mama mwenye mdomo uliopinda kidogo ni rahisi. Nilikaa pembeni nikifurahi peke yangu. Tulipoondoka yule mwuzaji alikuwa anajifuta uso, na Mama Amina alikuwa na nyuzi za ziada ambazo hakuzilipia.

Tulipokwenda kuaga, Nakato aliacha utani. "Dawa ya presha kila siku, nnyabo. Hii ni ya maisha. Ukijisikia mzima, bado unakunywa." Akanigeukia. "Koboko iko mutu ya mazoezi?"

"Hakuna."

"Kale. Basi ni nyinyi wawili. Na mukiona mutu midomo imepinda, asikae nyumbani akichuliwa mafuta. Mumupereke haraka."

"Tumpeleke wapi?"

"Hiyo ndiyo kitu inatuuma sisi hapa," akasema. "Munatufikia wachache, na munafika mumechelewa. Lakini mazoezi, ssebo, mazoezi hainaga mashine. Unaweza kuibeba."

Nikaibeba. Njia ya kurudi Mama Amina alikaa mbele kando ya Rajabu, na mimi nyuma na mizigo. Bombo tulisimama, tukalishwa kama nilivyoogopa, na mara hii sikumzuia mtu. Karuma Rajabu alizificha ndizi chini ya kiti. Pakwach tulinunua samaki wakavu, na mke wangu akaomba maji kwa askari aliyekuwa zamu, ambaye hakuwa yule wa kwanza, akanywa chupa nzima amesimama darajani, akiutazama mto Nile chini. Askari hakuelewa kwa nini tulikuwa tunampigia makofi mtu anayekunywa maji.

Koboko yule tabibu alimshika mkono wa kulia kumsalimu, akauona unambana. Alikaa kwenye benchi. Akamtaka amwambie yote, akasikiliza, kisha akasema, "Nina watu hapa, mama. Wengi hawatafika Kampala kamwe. Utakuja?"

Alikwenda, na bado anakwenda. Lakini kwanza alikwenda kwa Mzee Luka. Aliketi mbele yake pale kibarazani, magoti kwa magoti, akamwuliza: "Mzee, mkono huu ulikuwa unafanya kazi gani?" Hakuna aliyekuwa amemwuliza Mzee Luka habari ya mkono ule tangu ulale. Akasema, kamba. Mke wangu akamwekea katani vidoleni. Hasokoti kamba mpaka leo, sitawadanganya; amekaa miaka bila msaada na miaka hiyo haikurudi. Lakini kikombe chake cha chai anakishika mwenyewe, na mwanawe ameacha kumlisha mbele ya watu. Ukimpita sasa atakipandisha kikombe juu akuonyeshe.

Nilichojifunza ni hiki. Mashine hatunazo upande wetu, na tusiache kuzidai, kwa sauti, kila anapokuja mkubwa yeyote kutuomba kura. Haifai mtu apone au asipone kwa sababu ya upande wa mto aliozaliwa. Lakini tukiwa tunadai, tusiwalaze watu wetu kwa mapenzi. Mgonjwa wa kiharusi usimlishe anachoweza kujilisha. Kaa juu ya mikono yako.

Siku ya harusi Hajati Mariamu alikuja kutoka Kampala na majirani zake wote watatu. Sinia ya wakwe ikaletwa, na juu yake tabaga ya Amina. Kila mtu aliona pale inapopinda. Katikati imenyooka, halafu kuna mizunguko inayoyumba na kutangatanga, halafu inajirekebisha taratibu mpaka ukingoni, imenyooka tena. Dada mmoja wa bwana harusi alinong'ona kwamba kuna sehemu imekosewa. Mama Amina akamsikia.

"Haijakosewa," akasema. "Hapo ndipo nilipokuwa naumwa, na hapa ndipo nilipopona."

Wakati wa kufunua ukafika. Sinia ilikuwa kubwa na tabaga nzito, na mimi, kwa mazoea, nikanyanyuka. Hajati naye upande wa pili akanyanyuka. Mama Amina akatutazama, mmoja baada ya mwingine, na sote wawili tukakaa. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akaishika tabaga ukingoni, akaiinua juu kabisa mbele ya wakwe, na mvuke wa pilau ukampanda usoni.